Makofi Niliyopiga Jumatano

Kuna wiki moja ambayo nilijua jambo kuanzia Jumatatu asubuhi na sikulisema mpaka Ijumaa. Katikati ya siku hizo nilifanya mambo mengine mengi. Nilisifia mwandiko wa mtu, nilikula maandazi manne bila njaa, nilipiga makofi nikiwa nusu nimechuchumaa. Kusema ndiko kulikonishinda.

Nilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio kazini, afisa masoko wa kiwanda cha kusaga unga wa mahindi na wa ulezi hapa Sumbawanga. Nikisema kiwanda usije ukafikiria mabomba ya moshi. Ni mashine mbili, ghala moja, duka la mbele, na ofisi yenye ubao wa chaki. Ubao upo kwa sababu mwenye kiwanda ni mama aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, na alipostaafu hakukubali kuachana nao. Mji mzima unamwita Mwalimu. Nusu ya mji aliifundisha Kiswahili, na nusu iliyobaki inamwogopa kwa kusimuliwa.

Tulikuwa wanne. Mwalimu, mimi, fundi wa mashine ambaye kuanzia saa mbili asubuhi anakuwa mweupe nyusi zote, na dada wa mauzo anayekaa dukani na sweta mbili na kitenge, maana baridi ya huku haiulizi kama uko ndani au nje.

Jumatatu hiyo Mwalimu alituita ofisini, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

UKIONJA MARA MOJA, BASI!

Akaisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti yake ya kawaida, mara ya pili kwa sauti ya tangazo la redio.

"Haya ndiyo maneno ya mifuko yetu mipya," akasema. "Maana yake, mteja akionja mara moja tu, basi, kwisha habari yake! Hahami tena."

Wenzangu wakatikisa vichwa. Mimi pia nikatikisa, kwa sababu shingo yangu huwa inakubali kabla sijaamua. Lakini nilichosikia masikioni kilikuwa kingine kabisa. Nilisikia: onja mara moja, halafu acha.

Mpaka wakati huo tulikuwa tunafunga unga kwenye mifuko myeupe mitupu na kubandika karatasi. Mchapishaji wa Mbeya alikuwa amekubali kutuchapia mifuko yenye maandishi, ila hachapi michache, anachapa ya msimu mzima. Oda ilitakiwa imfikie Ijumaa. Kwa hiyo kama maneno yale yangekuwa na kosa, tungeuza unga na kosa lake msimu mzima, na lawama ingeanzia mezani kwa afisa masoko. Na mwisho wa mwezi huohuo Mwalimu alikuwa aamue kama ananiajiri au narudi Dodoma kwa wazazi, kukaa kwenye kochi na shahada yangu.

Sasa mtu wa kawaida angesema palepale. Mimi nilianza kujichunguza. Labda Kiswahili changu ndicho kibovu. Labda huku basi ina maana nyingine. Na hata kama niko sahihi, nani anamsahihisha Kiswahili mtu aliyefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini? Nikaona nifanye utafiti kwanza. Nikaenda kwa mama anayeuza maandazi kando ya barabara, nikanunua moja, nikaling'ata.

"Mama, nikikuambia, ukionja mara moja, basi. Wewe unaelewaje?"

Akaliangalia andazi mkononi mwangu. "Naelewa hujalipenda."

"Hapana mama, nauliza tu maneno yenyewe."

"Kama hujalipenda sema. Ila siwezi kulichukua, umeshalitia meno."

Ilibidi ninunue mengine matatu na kuyala mbele yake mpaka aniamini. Utafiti ulikuwa umekamilika. Tatizo halikuwa Kiswahili changu.

Jumanne nikajaribu njia ya chuo. Mhadhiri wetu mmoja alitufundisha kwamba ukitaka kumwonyesha bosi kasoro, unaifunga kwa sifa pande zote mbili, kama yai ndani ya chapati. Nikaandika kwenye karatasi. Sifa: maneno ni mafupi, yanakaa kichwani. Kasoro: yanaweza kueleweka tofauti. Sifa: mwandiko wako ubaoni ni mzuri mno. Hiyo ya mwisho niliitafuta kwa shida, lakini ilikuwa kweli.

Nikaingia ofisini. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. "Mwalimu, yale maneno ya mifuko ni mafupi, yanakaa kichwani."

Akavua miwani. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nikaangalia karatasi. Kasoro ilikuwa pale katikati, imekaa kama dimbwi njiani. Nikairuka.

"Na mwandiko wako ubaoni ni mzuri mno," nikasema.

"Unajua wenzako hawajaniambia hata neno moja?" akasema Mwalimu. "Wewe ndiye wa kwanza kunitia moyo."

Nikatoka na chapati mbili kavu. Yai nilikuwa nalo mfukoni bado.

Naishi kwa bibi yangu, kule Mollo. Jioni ile alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, redio yake pembeni. Bibi huniita mume wangu, kama mabibi wote, na hunitania kuliko mke yeyote atakavyoweza.

"Mume wangu, mbona unatembea kama viatu vina mchanga?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akitupa mawe kwa kuku.

"Wewe umekulia mjini, hujafundishwa," akasema. "Kwetu mkubwa hapingwi hivihivi, kama mnagombania kiti. Unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu. Pa, pa, pa. Hapo anajua una neno, na anajua una adabu."

Niliwahi kuwaona wazee wakisalimiana hivyo, wameinama, viganja vinakutana polepole. Lakini mimi makofi niliyoyazoea ni ya harusini na ya mikutano ya kampeni.

"Halafu bibi? Nikishapiga, nasema nini?"

Bibi akainua mkono. Redioni yalikuwa yameanza matangazo ya vifo. "Nyamaza kwanza, nisikie kama kuna tunayemfahamu."

Hakukuwa na tunayemfahamu, lakini yalikuwa mengi, na yalipokwisha bibi alikuwa ameshahamia kwenye habari za jirani aliyefiwa mwaka juzi. Sehemu ya pili ya somo sikuipata. Nikaenda nyuma ya nyumba kufanyia mazoezi ile ya kwanza. Kuku watatu walikuja mbio wakidhani nimewaitia mahindi.

Jumatano Mwalimu alituita tena mbele ya ubao. Maneno yalikuwa bado pale, ameyapigia mstari chini kwa rula.

"Kabla sijapitisha," akasema, "mwenye neno aseme."

Nikasimama. Nikainama, nikakunja magoti kadiri suruali ya ofisini ilivyoruhusu, nikapiga. Pa. Pa. Pa. Taratibu, kwa heshima zote. Kisha nikabaki pale nimejikunja, nikisubiri kuruhusiwa.

Fundi wa mashine alinitazama, akamtazama Mwalimu, akanitazama tena. Kisha akaanza kupiga makofi yake, makubwa, unga ukaruka kutoka viganjani kama moshi. Dada wa mauzo naye akapiga, haraka haraka, bila kutoa mikono nje ya kitenge.

Mwalimu akaweka mkono kifuani. "Jamani," akasema. "Jamani! Na huyu mpaka anapiga magoti!"

Nikafungua mdomo.

"Yamepita kwa makofi," akasema Mwalimu, akaandika tarehe ubaoni. "Na kwa kuwa afisa masoko ndiye aliyeanzisha, yeye ndiye atakayeongea na mchapishaji."

Nikaenda kusimama nyuma ya ghala, kwenye upepo. Fundi akanifuata.

"Msomi, unajua kujipendekeza wewe! Mpaka magoti?"

"Sikuwa najipendekeza. Nilikuwa napinga."

"Unapinga?"

"Ndiyo, napinga."

"Sasa siku ukikubali jambo utafanyaje, utagaragara?"

Akacheka mpaka mashine ikaanza kusaga hewa, akakimbia kwenda kuizima.

Jioni bibi aliuliza habari kabla sijavua koti. "Ulipiga?"

"Nilipiga."

"Halafu ukasema nini?"

"Sikusema."

Bibi akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo halifanyi hata padri akija. "Ulipiga makofi ukaondoka?"

"Nilikuwa nasubiri."

"Mume wangu," akasema bibi kwa huruma, "wewe umemwamkia tu yule mama."

Alhamisi nikapiga simu Mbeya. Nilisimama mlangoni kwa sababu ndani mtandao unasuasua, na nje upepo ulikuwa unaingia kwenye simu kabla ya sauti yangu.

"Andika," nikasema. "Ukionja."

"Ukiona?"

"Ukionja! Kama kuonja mboga."

"Sawa. Ukionja."

"Mara moja."

"Mara moja."

"Koma. Halafu chini yake, peke yake, weka basi."

"Niweke basi?"

"Weka basi."

"Kubwa au dogo?"

"Kubwa."

"Rangi?"

"Jekundu," nikasema, kwa sababu Mwalimu alitaka lionekane kutoka mbali.

Nilipokata simu nilijisikia vibaya kama mtu aliyetia sahihi jambo asilolitaka, na ndivyo ilivyokuwa. Usiniulize kwa nini sikumwambia yule mchapishaji tu abadilishe. Nililifikiria hilo nalo, nikalifikiria mpaka likaisha utamu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa tunakunywa chai ofisini wote wanne, maana umeme ulikuwa umekatika na mashine zimelala. Simu yangu ikalia. Ilikuwa picha ya mfuko kutoka Mbeya. Juu, jina la unga wetu. Chini yake, UKIONJA MARA MOJA, na koma yake safi kabisa. Na chini ya hapo, basi. Basi lenyewe, la abiria, jekundu, lenye madirisha na vioo na matairi, na dereva ameshika usukani.

Sitaficha, nilifurahi. Nilijiambia hapa sihitaji tena kusema lolote. Mwalimu ataona, atakasirika, oda itasimama, tutaanza upya, na katika kuanza upya maneno yatajirekebisha yenyewe. Nikampa simu kwa mikono miwili.

Mwalimu akavaa miwani. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Hili ni basi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"La abiria."

"Ndiyo, Mwalimu."

Fundi na dada walikuwa wamekuja kusimama nyuma ya kiti chake. Dada aliziba mdomo kwa kitenge.

"Limependeza," akasema Mwalimu. "Linaonyesha unga wetu unasafiri, unafika mbali. Mwambie arudishe lile neno, na basi libaki hapohapo. Achape leo."

"Hapana."

Nilitazama nyuma kuona ni nani aliyesema. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Umesema?" akauliza Mwalimu.

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na chapati wala yai. "Hapana, Mwalimu. Tusichape. Siyo basi la picha lenye shida, ni basi la maneno. Linamwambia mteja aonje mara moja, halafu asirudi."

Mwalimu aliweka simu mezani. Aliinuka, akachukua kipande cha chaki, akaninyooshea.

"Thibitisha," akasema. "Tunga sentensi tatu."

Kwa hiyo nilisimama ubaoni, mtu mzima mwenye shahada, mgongo kwa darasa. Chaki ikawa inalia. Nikaandika: Nilikula hoteli ile mara moja, basi. Nikaandika ya pili: Nilipanda pikipiki yake mara moja, basi. Ya tatu ikagoma kuja. Nilisimama na chaki juu kama ninayeonyesha ndege.

"Niliolewa mara moja, basi," akasema dada wa mauzo.

Fundi alitema chai. Nikaandika hiyo.

Mwalimu hakucheka. Alizisoma zote tatu kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Kisha akaisoma ya kwake. Akaisoma kwa sauti ya kawaida, halafu akaanza ile ya tangazo la redio, akaachia katikati. Akakaa.

"Hili umeliona lini?"

"Jumatatu, Mwalimu."

"Na Jumanne ukaja kunisifia mwandiko."

"Nilikuwa njiani kuifikia kasoro."

"Na Jumatano ukanipigia makofi."

"Yalikuwa ya kuomba kusema, Mwalimu. Bibi alinifundisha. Nikasubiri niruhusiwe."

"Nilishasema mwenye neno aseme! Ulikuwa unasubiri ruhusa gani tena, ya mkuu wa mkoa?" Akamgeukia fundi. "Na wewe, yako yalikuwa ya nini?"

"Mimi nilimwona msomi anapiga," akasema fundi, "nikajua ni kitu wanafundishwa chuo."

"Na wewe?"

"Mimi, Mwalimu," akasema dada, "mikono ilikuwa inaniuma kwa baridi."

Mwalimu alituangalia mmoja mmoja. "Kwa hiyo hakuna aliyeyapenda."

Bati la ghala lilikuwa linagonga kwa upepo.

"Niliyafikiria wiki tatu," akasema taratibu, na kwa mara ya kwanza sikumwona Mwalimu wa mji mzima. Nilimwona mama mmoja ambaye alikuwa amepata maneno yake usiku fulani, akayapenda, na akaja nayo kazini kwa furaha. Nikataka kurudisha kila kitu. Nikafungua mdomo nimwambie tena mwandiko ni mzuri. Dada akanifinya mkono, finyo la sweta mbili, nikaufunga.

Mwalimu akainuka. Hakutumia kifutio, alifuta kwa kiganja. Akaandika: UKIONJA, UTARUDI!

"Mwenye neno aseme," akasema, akanitazama mimi. "Aseme. Mikono ibaki chini."

"Ni nzuri, Mwalimu," nikasema. "Ila naona tuondoe alama ya mshangao."

"Alama ya mshangao inabaki."

"Na basi tuliondoe."

"Basi linabaki. Mteja atarudi na nini?"

Fundi akasema hapo Mwalimu ana hoja. Nikasema sikubaliani, mfuko wa unga hauna uhusiano na usafiri. Mwalimu akasema amenisikia, na amekataa. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya yai. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi, kukataa na kukataliwa, kisha sote tukarudi kwenye chai iliyopoa. Nikapiga simu Mbeya. Safari hii neno basi sikulitamka hata mara moja, nilisema "lile gari lako libaki".

Mifuko ilikuja, ikauzwa. Sasa ukienda Mpui au Ilemba watu hawataji jina la unga wetu, wanasema nipe ule wa basi. Mwenye duka mmoja alitupigia kuuliza kama tunakatisha tiketi pia. Kila likitajwa, Mwalimu ananiangalia juu ya miwani bila kusema kitu, na mimi nashughulika na kalamu.

Mwisho wa mwezi aliniita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na barua imechapwa vizuri, mhuri tayari, sahihi bado. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama. Ilisema baada ya kuridhishwa na mwenendo wangu katika kipindi cha majaribio, kuanzia mwezi ujao nimeajiriwa rasmi kuwa Afisa Makosa.

Nikasoma tena. Herufi kwa herufi. Nilifikiria kwamba barua ni njema, kwamba kazi nimeipata, kwamba masoko na makosa vinafanana ukisoma kwa haraka, kwamba huenda ni kijana wa stesheneri aliyechapa, kwamba huenda siye, kwamba mtu anayeshukuru hachagui herufi. Viganja vyangu vikaanza kutafutana vyenyewe. Nikavitia mfukoni.

"Mwalimu," nikasema, "hapa kuna kosa."

Akapokea barua, akavaa miwani. Kidole chake kikapita mstari kwa mstari mpaka pale, kikasimama kidogo, kikaendelea mpaka chini. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

"Mimi sijaliona," akasema, akanirudishia. "Nenda kazini."